Rehani ya Nyumba ya Baba Yako na Kiti cha Kinyozi

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa baba yako.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wanapotaka kuhamisha mkopo wa nyumba kutoka benki moja kwenda nyingine ni kudhani kwamba benki inakuja kuiangalia nyumba. Nyumba huangaliwa mwishoni, tena kwa haraka. Anayeangaliwa kwanza ni mwenye nyumba: alikopa nini, alikopa wapi, alilipa kwa wakati au alijificha. Baba yako angelijua hilo mapema, leo tusingekuwa na nyumba iliyopakwa rangi upande wa barabarani peke yake.

Nisamehe kwa kulitanguliza hilo kabla ya salamu. Nimefundisha miaka mingi, na mkono wangu umezoea kuandika somo ubaoni kabla ya kuwaambia wanafunzi habari za asubuhi. Sasa tusalimiane. Hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza kwa maji ya moto? Unalala? Hapa sote tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Mama yako hajambo, na presha yake imetulia tangu alipoacha kuuliza baba yako ametoka wapi. Baba yako naye ni mzima wa mwili. Mengine yake ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Mama yako alitaka akupigie simu akueleze mwenyewe. Nilimkatalia kwa sababu namjua. Akisikia sauti yako anasahau yote, anauliza kama unakula vizuri, kisha salio linakwisha. Basi mimi naandika kwa mkono, yeye atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia leo leo. Tukiipeleka posta, barua itakufikia nyumba ikiwa na mwenyewe mwingine.

Usishtuke, au shtuka kidogo. Nitakueleza taratibu.

Baba yako aliponunua nyumba hii alikopa benki, na nyumba ikawekwa rehani. Miaka ya mwanzo walimpa riba ndogo, kama muuza duka anavyomwongezea mteja mgeni kipimo ili arudi kesho. Muda wa riba hiyo unakwisha mwisho wa mwezi huu. Ikishapanda, rejesho la kila mwezi litaipita pensheni yake hata ukijumlisha anachopata kwa kutengeneza mizani za wenye maduka, na mtu asiyeweza kulipa rejesho huletewa dalali wa mnada. Dawa yake inajulikana: unatafuta benki ya pili, inalilipa lile deni la kwanza, halafu wewe unailipa hiyo ya pili kwa riba nafuu, nyumba ikiendelea kuwa rehani. Watu hufanya hivyo kila siku na hawaandikiwi barua na mashangazi.

Tulilijua jambo hili tangu mwanzo wa mwaka. Wiki ile ile baba yako akanunua rangi. Nikamuuliza mbona anapaka ukuta mmoja.

"Mgeni anaingilia mbele," akanijibu. "Huko nyuma aende kufanya nini?"

Mama yako akafua mapazia. Baba yako mdogo akatuazima zulia lake jipya, ila akasisitiza lisikanyagwe, basi kwa muda mrefu tukawa tunaingia sebuleni kwa kuliruka pembeni kama tunavuka mtaro. Nyumba ilipokuwa tayari, baba yako akavaa koti lake la harusi, ambalo siku hizi linakubali kifungo kimoja tu, nacho kwa kulazimishwa, tukaenda benki. Mimi nilibeba bahasha ya hati.

Afisa mikopo ni binti mtulivu, mwenye sauti ya chini. Baba yako alimwonyesha picha za ukuta wa mbele. Binti akazitazama kwa heshima, akamrudishia, akaigeukia kompyuta. Akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee, samahani, una kiwanda cha mikate?"

"Sina."

"Una saluni ya kunyoa?"

"Binti yangu, mimi natengeneza mizani."

"Hapa inaonekana mashine ya kukandia unga, kiti cha kinyozi na kamera. Vyote vimenunuliwa kwa mkopo kwa jina lako, na vyote marejesho yamesimama."

Baba yako akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyenunua kiti. Ombi likakataliwa pale pale, kwa upole sana.

Hapa inabidi nikueleze kitu ambacho umekulia ndani yake, kwa hiyo labda hujawahi kukiona. Maduka yanayouza kwa mkopo hutaka mtu mwenye karatasi ya mshahara. Katika ukoo wetu, karatasi hiyo alikuwa nayo baba yako. Basi kila aliyetaka kitu alikuja hapa jioni, akasifia chai, akasema anahitaji jina tu, pesa atalipa mwenyewe. Na baba yako akampa jina. Kazini mtu huyu anaweza kugundua gramu moja iliyoibwa kwenye gunia la sukari, lakini mtu akimwambia "kaka, wewe ndiye tegemeo," mizani yote inaanguka. Jina lake limekuwa kama ngazi ya jirani: kila mtu anaiazima, na siku mwenyewe anapotaka kupanda, haipo. Mimi pia nilikuwa na mshahara, lakini nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali, basi wakaupita mlango wangu.

Ungedhani baada ya kukataliwa tungekaa chini tufikiri. Baba yako alipiga moyo konde, akaanza kwenda benki nyingine peke yake, kila siku koti lile lile. Alikuwa anatuambia anakwenda kupima mizani ya muuza samaki. Nilipogundua alikuwa amekwisha kuomba karibu benki zote za mjini, na zote zimemkatalia, kila moja haraka kuliko iliyotangulia.

Alidhani wanamwonea. Nikamweleza, nawe nakueleza, maana ipo siku utaitaka elimu hii: kila unapoomba mkopo, ombi lako linaandikwa, na benki inayofuata inaliona. Ni kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba chumvi. Wa kwanza anampa bila kufikiri. Akifika nyumba ya tano, mwenye nyumba anajiuliza huyu chumvi yote hiyo anaipeleka wapi, na anafunga mlango. Anayekataliwa mara moja anatakiwa kutulia, aende ofisi ya taarifa za mikopo, aombe kumbukumbu zake mwenyewe, azisome, asafishe kilicho kichafu, ndipo aombe tena mahali pamoja.

"Yaani niende kuomba kujisoma?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka. Wenzako wote wamekwisha kukusoma. Umebaki wewe."

Tulienda. Kumbukumbu ni zile zile alizotusomea binti wa benki: mashine, kiti, kamera. Nikarudi kwa yule afisa mikopo, nikamuuliza kama mzee akivifunga vitu hivi vyote na kuleta uthibitisho, ombi litafunguliwa upya. Akasema litafunguliwa, na kwamba mthamini wa nyumba anaweza kuja wakati tunaendelea kusafisha. Binti wa watu hakujua anamwalika nani wapi.

Tulianza na baba yako mdogo. Utakumbuka kile kiwanda chake cha mikate kilichokuwa kifunguliwe kila Jumatatu. Tulimkuta uani kwake, na mashine imesimama kando yake, ndani imejaa rangi iliyokauka. Ndimo alimochanganyia rangi ya ukuta wetu.

"Kaka, mimi nilidhani lile deni limesahaulika," akasema.

"Umelisahau wewe," nikamwambia. "Wenzako wameliandika."

"Dada, usinisomeshe mbele ya mke wangu."

"Basi mwambie aingie ndani, nikusomeshe."

Mkewe hakuingia ndani. Alivuta kigoda akakaa karibu zaidi. Mashine ilipelekwa kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, akachungulia ndani, akaona rangi, akaondoka bila kuaga. Aliyeinunua ni fundi wa plasta, na anaisifu sana. Zile pesa zikaenda moja kwa moja dukani, nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, na deni la kwanza likafungwa.

Kinyozi si ndugu yetu hata wa mbali. Alikuwa akimnyoa baba yako, na siku moja wembe ukiwa shingoni akamwomba jina. Baba yako anasema hakutishwa. Tulipomfuata, kinyozi hakubisha hata kidogo.

"Mzee, kama kiti kimeandikwa jina lako, basi ni chako," akasema, na jioni hiyo kiti kikaja nyumbani juu ya mkokoteni.

Kiti chenyewe ni cha kifahari, chuma na ngozi nyekundu, kinazunguka, na ukikanyaga pedali kinapanda. Baba yako akakiweka sebuleni mbele ya televisheni. Taarifa ya habari ikianza anapanda, ikifika michezo anashuka. Lakini kinyozi asiye na kiti hanyoi, na asiyenyoa halipi deni. Alikuja kulalamika, baba yako akamwonea huruma, akamwambia aje anyoe wateja wake hapa hapa sebuleni kwa muda. Neno "kwa muda," mwanangu, ukilisikia katika nyumba hii, vaa viatu uondoke.

Wateja walikuja. Walikaa kwenye makochi, wakajaa ukumbini, wengine wakangoja kibarazani wakiuegemea ukuta mpya. Waliulizia chaja. Mama yako alitoka jikoni siku moja, kijana mmoja akamwambia, "Dada wa mapokezi, bado wangapi?" Siku hiyo baba yako alikula wali bila mchuzi.

Katikati ya hayo ndipo akaja mthamini. Mtu wa makamo, mfuko begani, utepe wa kupimia mkononi, mpole sana. Alipiga hodi, na kabla mmoja wetu hajatoka, wateja wakamdaka.

"Mzee, foleni inaanzia mlangoni."

"Mimi nimekuja kuangalia nyumba."

"Sote tumekuja kuangalia nyumba. Kaa nyuma ya huyu mwenye shati la mistari."

Akakaa. Sijui kwa nini alikaa. Nadhani kuna watu wakionyeshwa foleni hawawezi kuikataa. Mimi nilikuwa chumbani kwangu uani, mama yako sokoni, na baba yako chini ya meza yake ya kazi anatafuta skrubu. Zamu ya mthamini ilipofika, kinyozi alimfunga shuka shingoni, akamkanyagia pedali akampandisha juu. Baba yako alipotokeza, mgeni alikuwa amekwisha kunyolewa nusu, na adabu haikuruhusu kumkatiza. Walimaliza. Akanyunyiziwa spiriti, akapuliziwa marashi. Ndipo akajitambulisha, akapima vyumba vyote, akashukuru, akaenda zake.

Tulikaa tukiwa na matumaini makubwa. Baada ya siku chache binti wa benki akapiga simu. Mthamini ameandika kwamba nyumba ni imara, paa ni zima, na sebule inatumika kwa biashara ya kunyoa. Nyumba ya biashara, akaeleza, ina mkopo wa aina nyingine, na riba yake ni kubwa kuliko ile tunayoikimbia.

Baba yako alishika tama. Kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Na tulimnyoa bure."

Siku hiyo hiyo kiti kikarudi kwa kinyozi juu ya mkokoteni ule ule. Nikamwekea sharti moja: kila jioni apeleke sehemu ya mapato dukani, nami nitapita kuona risiti. Nilipita. Kumbe kunyolea sebuleni kulimwongezea wateja, kwa hiyo alimaliza deni mapema kuliko tulivyotarajia, na anasema sasa ananiogopa kuliko alivyomwogopa mama yake. Mthamini akaja mara ya pili, kwa ada ya pili. Akakuta sebule ina zulia na makochi tu. Akaandika anavyotakiwa kuandika. Alipofika mlangoni akapapasa kichwa chake, akaniuliza kwa sauti ya chini kinyozi amehamia wapi.

Basi limebaki deni moja, na hapo, mwanangu, inabidi uache kucheka, kama ulikuwa unacheka.

Nilimuuliza baba yako juzi, "Na kamera?"

"Kamera haina neno."

"Ina neno, kaka. Ina marejesho yasiyolipwa."

"Ile nilimpa mtoto zawadi."

"Zawadi ya mkopo?"

"Zawadi ni zawadi. Mtu hampi mwanawe zawadi kisha akamkimbilia miji ya watu na risiti."

Mimi nilikuwepo mezani siku mlipokubaliana. Alitoa fungu la kwanza, nawe ukasema utalipa yaliyobaki ukianza kazi. Na ulilipa, dukani nimeonyeshwa, hukukosa mwezi hata mmoja, mpaka ulipohama mji na kubadilisha akaunti. Akaunti ya zamani ilipofungwa, makato nayo yakafa, na nadhani hukugundua. Sikushtaki kwa kukimbia deni. Duka lilituma ujumbe wa kukumbusha, lakini ulikuwa ukija kwenye simu ya baba yako kwa kuwa jina ni lake, naye alikuwa akiufuta kabla mama yako hajauona. Alitaka uanze maisha bila kusumbuliwa. Ni upendo, sibishi, ila ni upendo wa aina inayoandikwa kwenye kompyuta ya benki kwa herufi nyekundu.

Sasa sikiliza alivyopanga kulimaliza. Unalijua lile sanduku lake la mawe ya vipimo, yale ya shaba yenye mihuri, yaliyolala kila moja kwenye shimo lake la kitambaa cha buluu. Amepata mnunuzi. Anakuja Alhamisi asubuhi. Mtengeneza mizani asiye na mawe yaliyothibitishwa anaweza kukaza skrubu, lakini hawezi kumwambia mwenye duka kwamba mizani yake inasema kweli, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Asipokuwa na kazi hatamudu hata rejesho la riba ndogo, na nyumba itaondoka kwa mlango wa nyuma badala ya wa mbele. Nilimchorea jambo hili kwenye karatasi, kwa mishale. Akasema mishale yangu imepinda.

Amekuwa akiyafuta mawe hayo kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, moja moja, na kuyarudisha. Mama yako akiingia, anafunga sanduku na kuuliza chai.

Ningekuwa nazo ningelipa mimi nikanyamaza. Lakini pensheni yangu ya mwezi huu imekwenda kwenye ada ya mthamini, na akiba ya mama yako iko ukutani, upande wa barabarani. Baba yako mdogo amejitolea kuliuza zulia, ila anataka kwanza tumwoneshe nani alilikanyaga.

Jana nilikwenda dukani mwenyewe. Mwenye duka ni muungwana. Tumezungumza, tukakunywa chai. Amekubali kuifuta faini ya kuchelewa endapo masalio yatalipwa wiki hii, na unaweza kumlipa kwa simu ukiwa popote ulipo. Kiasi na namba ya duka mama yako ataviandika chini ya picha ya ukurasa wa mwisho. Pesa ikiingia, mwenye duka ataniandikia barua ya kumaliza deni, nami nitaipeleka kwa afisa mikopo kwa mikono yangu. Binti ameahidi kulipeleka faili letu kwa wakubwa wake Ijumaa, likiwa safi. Likiwa na doa hata moja, amesema halipeleki, na mimi ningekuwa yeye nisingelipeleka pia.

Baba yako akikuuliza nani amekwambia, nitaje mimi. Nimezoea kulaumiwa katika nyumba hii, na chumba changu kina mlango wake. Na ukimpigia, usimwombe radhi kirefu, atakwambia simu inakatika. Mwambie tu amrudishe mnunuzi wa mawe.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba yako mdogo anakusalimu na anauliza kama huko uliko watu wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa viwanda vya mikate. Mkewe anakusalimu na anasema usimjibu. Kinyozi anasema ukija atakunyoa bure, lakini kwake.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe kazi isiyokuchosha roho na marafiki wasiokuomba jina lako, na siku utakapokuja utukute tunaufungua mlango huu huu.

Leo, kabla hujala, lipa masalio ya kamera.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye bila riba.